Matende ya Tanga: Mnyoo Umekwenda, Mguu Umebaki

Yako maradhi yenye kelele. Kipindupindu kikiingia mjini, jioni hiyo hiyo mkuu wa mkoa atasikika redioni na mama lishe wa barabarani watafungiwa. Matende hayana kelele. Mtu huanza kuvimba mguu akiwa kijana, akaishi nao miaka hamsini, akafa kwa jambo jingine kabisa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyetangaza chochote. Wiki hii nataka tuzungumze juu ya mguu huo, mguu wa pwani yetu ya kaskazini, tangu Moa kule karibu na mpaka wa Kenya hadi Tanga mjini, Muheza na Pangani. Una historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani, na katika historia hiyo lipo deni ambalo halijalipwa.

Kwanza tuelewane kwa majina. Mguu ukivimba ukawa mzito, ngozi ikakakamaa kama gome la mti, twaita tende, na wingi wake matende. Mfuko wa korodani ukijaa maji twaita busha, na wenye haya husema mshipa. Yale matezi ya kinenani yanayouma na kuleta homa ya kutetemeka ni mitoki. Wazee waliyapa majina matatu, na kila jina lilikuwa na mganga wake. Kumbe kwa watu wengi wa pwani mzizi ulikuwa mmoja: mnyoo mwembamba kama uzi, ambao jike lake hufikia sentimeta nane hadi kumi kwa urefu. Mnyoo huo hukaa ndani ya mishipa midogo inayorudisha maji ya mwili kwenye damu, na hukaa humo miaka mitano au zaidi. Mishipa ikiharibika, maji hushindwa kupanda, na mguu ambao ndio uko chini kuliko viungo vyote ndio unaojaa.

Jambo hili si geni hapa kwetu. Mwingereza Richard Burton alipita Tanga na Pangani mwanzoni mwa mwaka 1857, kabla hajaanza safari yake ya kwenda Ziwa Tanganyika, na katika kitabu chake juu ya Zanzibar na pwani, kilichotoka mwaka 1872, aliandika kwamba matende na mabusha yalikuwa yameenea mno miongoni mwa wenyeji wa Unguja. Burton alikuwa na dharau nyingi katika kalamu yake, na si kila alichoandika juu ya babu zetu ni cha kuaminiwa. Lakini miguu aliiona, na miguu haidanganyi.

Watu wenyewe walieleza vipi? Maelezo yalikuwa mengi, na baadhi yake bado tunayasikia barazani hadi leo. Mguu ulipovimba ghafula, ilisemwa mwenyewe amekanyaga kitu kibaya, yaani dawa aliyotegewa njiani na mwenye husuda. Wengine walisema ni ugonjwa wa ukoo, kwa kuwa waliona baba anao na mwana anao. Na kuhusu mabusha, kisingizio kilikuwa kimoja kinachojulikana pwani nzima: madafu. Mtu wa bara akihamia Tanga huonywa hadi leo, tena kwa mzaha, asizidishe madafu asije akarudi kwao na mzigo.

Mimi sipendi kuyacheka maelezo hayo, maana yana uchunguzi ndani yake. Penye minazi ndipo penye matende. Hilo ni kweli tupu. Ukipanda kutoka Muheza kuelekea milima ya Usambara, minazi inapungua na matende yanapungua, na ukifika Lushoto kwenye baridi hukuti nazi wala mguu uliovimba kwa sababu hiyo. Aliyesema ni madafu alikuwa ametazama vizuri, akakosea katika kuunganisha. Joto na unyevu unaoufaa mnazi ndio huo huo unaomfaa mbu. Na hata lile la ukoo lina chembe ya ukweli, kwa sababu baba na mwana hulala nyumba moja na kuumwa na mbu wale wale.

Habari ya mbu ilikuja kutoka mbali. Mwaka 1877, katika bandari ya Amoy nchini China, daktari mmoja Mskoti aliyeitwa Patrick Manson alimlaza mtumishi wake, aliyekuwa na watoto wa minyoo hiyo katika damu, ndani ya chumba chenye mbu. Asubuhi akawakusanya mbu walioshiba, akawapasua chini ya darubini siku baada ya siku, akaona wale watoto wa minyoo wanakua ndani ya mwili wa mbu. Hiyo ilikuwa miaka ishirini kabla Ronald Ross hajamkuta mdudu wa malaria ndani ya mbu kule India mwaka 1897. Kwa hiyo ugonjwa wa kwanza wa binadamu kuhusishwa na mbu ulikuwa matende, ingawa malaria ndiyo iliyochukua sifa.

Hata hivyo Manson alikosea jambo moja kubwa. Yeye alidhani mbu akishanyonya damu hufa majini, kisha mtu huyanywa maji yale. Ilipita zaidi ya miaka ishirini, hadi mwaka 1900, ndipo George Carmichael Low, kwa mbu waliotumwa London kutoka Australia, alipoiona minyoo imejipanga ndani ya mdomo wa mbu, tayari kuingia mwilini mwa mtu mwingine. Ndugu msikilizaji, ikiwa bingwa mwenye darubini aliamini kwa miaka mingi kwamba ugonjwa huu unanywewa, tumlaumu nini mzee wa Pangani aliyeamini kwamba unanywewa ndani ya dafu?

Manson aligundua jambo jingine ambalo lilikuja kuugusa mkoa wa Tanga moja kwa moja. Watoto wa minyoo hii hawaonekani katika damu mchana. Mchana hujificha ndani, hasa katika mapafu. Usiku, kati ya saa nne na saa nane hivi, ndipo wanapotoka na kujaa katika mishipa ya juu, wakati ule ule mbu wanapouma. Maana yake ni kwamba anayetaka kuutafuta ugonjwa huu lazima awafuate watu majumbani usiku wa manane na sindano mkononi.

Na watafiti waliwafuata. Mwaka 1949 ulianzishwa pale Muheza mpango wa utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki, chini ya Dakta Bagster Wilson, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ukahamia Amani, katika majumba ya kile kituo cha kilimo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Miaka hiyo hiyo ya 1950 mtafiti Peter Jordan alizunguka majimbo ya Tanganyika, Jimbo la Tanga likiwamo, akipima damu za watu kutafuta minyoo ya matende. Baadaye kazi iliendelea katika vijiji vya pwani, na tangu mwaka 1979, ilipoundwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ikawa mikononi mwa Watanzania wenyewe, pale Amani na pale Bombo mjini Tanga, wakishirikiana na wageni, hasa Wadenmark.

Tafadhali ufikirie usiku huo. Pwani hii ina habari zake za kale za mumiani, watu wanaosemekana kunyonya damu za wenzao na kuziuza. Sasa gari linaingia kijijini baada ya sala ya Isha, taa zinawaka, vijana waliovaa makoti meupe wanaomba damu ya kidole ya kila mtu, wakubwa kwa wadogo. Aliyekubali kunyoosha kidole chake alikuwa amevuka hofu kubwa, na wengi walikubali. Vitabu vya sayansi vimewaandika kwa hesabu tu, asilimia kadha wa kadha. Mimi nasema elimu ya dunia juu ya ugonjwa huu imejengwa kwa sehemu nzuri na damu ya watu wa mkoa huu, waliyoitoa bure, usiku, wakiwa na usingizi.

Walipata nini kwa kutoa? Dawa ya kwanza yenye nguvu juu ya watoto wa minyoo, dayethilikabamazini, iligunduliwa mwaka 1947. Taabu yake ilikuwa kwamba mwenye minyoo mingi akiimeza hupata homa na maumivu kwa siku mbili tatu, kwa kuwa minyoo inakufa mwilini, naye husema dawa imemtia ugonjwa. Katika miaka ya 1990 watafiti walijaribu katika vijiji vya mkoa wa Tanga njia nne za kuitoa: dozi ya siku kumi na mbili, dozi moja kila nusu mwaka, dozi ndogo kila mwezi, na nyingine ya kuichanganya dawa katika chumvi ya kula. Zile mbili za kidogo kidogo, ya kila mwezi na ya chumvi, zilifanya kazi vizuri. China iliitumia sana njia hiyo ya chumvi, na mwaka 2007 ikawa nchi ya kwanza kutangaza kwamba imeumaliza ugonjwa huu, nchi ile ile ambako Manson aliwafungia mbu chumbani.

Wakati huo huo ng'ambo ya bahari, kule Makunduchi, Unguja, kulifanyika jambo ambalo kwa maoni yangu lingefaa kufundishwa katika kila shule ya msingi. Mbu wa mjini, yule wa maji machafu, huzaliana katika vyoo vya shimo vyenye maji. Mwaka 1988 watafiti walimwaga ndani ya vyoo hivyo chembe nyepesi za plastiki zinazoelea, za jamaa moja na yale maboya meupe yanayofungiwa televisheni ndani ya boksi. Chembe zikatanda juu ya maji, funza wa mbu wakakosa hewa, na mbu jike akakosa pa kutagia. Pamoja na dawa waliyopewa watu, maambukizi yaliyokuwa kwa karibu nusu ya waliopimwa yalianguka hadi mtu mmoja kati ya kumi, na miaka iliyofuata yakazidi kushuka. Hakuna mtu aliyelazimika kukumbuka kitu kila siku. Choo chenyewe kilifanya kazi.

Lakini dunia ilichagua vidonge. Mwaka 1997 Baraza la Afya la Dunia liliazimia kuyamaliza matende, wakati ambapo ilikadiriwa watu milioni 120 duniani wana maambukizi na milioni 40 kati yao wameharibika viungo. Makampuni mawili makubwa ya dawa yakaahidi kutoa vidonge bure. Tanzania ilianza kisiwani Mafia mwaka 2000, Zanzibar ikafuata mwaka 2001, na mkoa wa Tanga ukafikiwa mwaka 2004. Dawa zilikuwa mbili, ivamektini na albendazo, mara moja kwa mwaka. Ile ya zamani haikutumika, na sababu iko hapa hapa mkoani kwetu: kwenye mito ya milima ya Usambara kuna usubi, wale inzi wadogo weusi wanaoeneza minyoo ya upofu, na mwenye minyoo hiyo akinywa dawa ya zamani aweza kudhurika macho.

Aliyeiongoza kazi hiyo kitaifa alikuwa Dakta Mwele Malecela, ambaye alianza utafiti wake wa matende pale Amani mwaka 1987. Mwaka 2010 alikuwa mwanamke wa kwanza kuiongoza taasisi ya utafiti, kisha mwaka 2018 akaenda Geneva kuongoza idara ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia magonjwa yaliyosahauliwa. Alifariki mwezi Februari mwaka 2022. Msichana aliyeanza na mbu wa Muheza akafika kushika meza ya dunia nzima. Hilo peke yake ni historia ya kusimuliwa siku nyingine.

Ugawaji wenyewe haukwenda kama ilivyoandikwa katika taarifa. Watafiti wawili wa Uingereza, Melissa Parker na Tim Allen, walifuatilia vijiji vya Pangani na Muheza kati ya mwaka 2004 na 2011, wakalinganisha daftari za ugawaji na maneno ya watu wenyewe. Walikuta kwamba wengi ama hawakuletewa vidonge au walivikataa. Taarifa za serikali zilionyesha watu wengi wamemeza; nyumbani kwa watu hali ilikuwa nyingine. Watu waliuliza: kwa nini mzungu atugawie dawa bure, kwa ugonjwa ambao mimi sina, wakati panadoli zahanati hakuna? Kwa nini napimwa urefu kwa fimbo badala ya kupimwa damu? Ile fimbo ilikuwa na maana yake, kwani dozi ya ivamektini huhesabiwa kwa kimo cha mtu, lakini nani alieleza? Wagawaji walikuwa wanavijiji wa kujitolea, waliopewa maelezo kidogo na posho kidogo zaidi. Swali la mwananchi lilikuwa swali la haki, na kulijibu kungechukua mchana mmoja chini ya mwembe.

Hata hivyo minyoo ilipungua, tena sana. Hapo ndipo historia hii inapokuwa ya ajabu. Katika vijiji vya Kirare karibu na Tanga, na Masaika wilayani Pangani, watafiti wa Kitanzania na Kidenmark walikuwa wakipima watu na kunasa mbu kwa miaka mingi. Mbu aina ya anofelesi, wale wa malaria ambao vijijini ndio pia wanaoeneza matende, walianza kutoweka wenyewe. Mwaka 2004 mitego ilinasa zaidi ya 5,000. Mwaka 2009 ilinasa 14. Ndiyo, kumi na wanne. Na vijiji hivyo havikuwa na mpango wowote maalumu wa kuwaangamiza mbu. Vyandarua vyenye dawa, vilivyojaribiwa mapema wilayani Muheza katika miaka ya 1980, vilisaidia baadaye, lakini kupungua kulianza kabla havijaenea, na watafiti walifikiri huenda mvua zilizobadilika zina sehemu yake. Kwa hiyo mtu akikuambia vidonge peke yake ndivyo vilivyoiokoa Tanga, mwombe akueleze mbu walikwenda wapi.

Vyovyote iwavyo, mtoto anayezaliwa leo Kirare ana bahati ambayo babu yake hakuwa nayo. Sasa nirudi kwenye lile deni.

Vidonge huua watoto wa minyoo, visimfikie mtu mwingine. Haviurudishi mguu. Mishipa ikishaharibika imeharibika, na mwenye tende anaweza kumeza kila mwaka bila kuona mabadiliko yoyote. Hii ndiyo sababu nyingine iliyowafanya watu wa vijijini wasiamini: waliwaona wenye matende wanameza, na matende yako pale pale. Wenye mabusha angalau kisu kinawafaa. Upasuaji si mkubwa, na programu ya taifa iliendesha kambi za kuwapasua wanaume kwa mamia. Ile kanzu pana iliyoficha mzigo kwa miaka ilibaki kuwa vazi la Ijumaa tu. Mwenye mguu hakupata kambi.

Na wala tiba ya mguu si siri. Katika miaka ya 1990 daktari Gerusa Dreyer, akifanya kazi katika mji wa Recife nchini Brazil, alionyesha kwamba kinachouzidisha mguu mwaka hadi mwaka ni vijidudu vya kawaida vinavyoingia kupitia mipasuko ya ngozi, hasa katikati ya vidole. Kila vikiingia, mgonjwa huanguka kwa homa siku kadhaa, mguu unawaka moto, na homa ikiondoka inauacha mnene kuliko jana. Zuia homa hizo na mguu hautaongezeka. Kwa wengine hata hupungua. Dawa ya kuzizuia ni maji safi na sabuni kila siku, kukausha vizuri katikati ya vidole kwa kitambaa, kupaka dawa palipochubuka, kuuinua mguu wakati wa kukaa na kulala, kuuchezesha kisigino juu na chini, na kuvaa kiatu kinachoenea. Kiatu chenyewe ni taabu, maana dukani hakuna saizi ya mguu huo, na fundi wa kushona kandambili za tairi ndiye aliyebaki kuwa mkombozi.

Mwito wa dunia ulikuwa na nguzo mbili tangu mwaka 2000: kukata maambukizi, na kuwatunza waliokwisha kuumia. Nchi haipewi cheti cha kuyamaliza matende mpaka ionyeshe kwamba inajua wagonjwa wake wako wangapi, wako wapi, na wanatunzwa katika zahanati gani. Togo ilikipata cheti hicho mwaka 2017, Malawi mwaka 2020. Nguzo ya kwanza ilipata meli za vidonge kutoka ng'ambo. Ya pili inataka mche wa sabuni, ndoo ya maji, na mhudumu wa afya aliyefundishwa kuosha mguu wa mzee bila kuziba pua, na vitu hivyo havina kampuni kubwa ya kuvitoa zawadi. Msikilizaji uliyeko mjini, ukienda kwenu Mkinga au Pangani, uliza katika zahanati ya kijiji kama lipo daftari la wenye matende. Uliza jina la mhudumu aliyefundishwa. Diwani wako anaweza kuuliza swali hilo katika baraza la madiwani, na linaweza kujibiwa kwa tarakimu.

Tufanye hesabu moja ndogo. Kijana aliyekuwa na miaka 25 na mguu uliovimba siku vidonge vilipofika kwa mara ya kwanza mkoani Tanga, mwaka 2004, alizaliwa mwaka 1979. Akijaliwa umri, atatimiza miaka sabini mwaka 2049. Kila jioni mpaka mwaka huo atahitaji ndoo, sabuni na kitambaa kikavu.